Bomba la Chumba cha Katikati

Chumba cha binti yangu hakikuwa na mahali pa kuweka dirisha. Upande mmoja kilipakana na jiko, upande wa pili na chumba cha mama mkwe wangu. Mbele kulikuwa na korido, na nyuma kulikuwa na ukuta wa jirani, ambaye alijenga kabla yetu na kuitumia haki yake hadi sentimita ya mwisho. Fundi mkuu aliniambia nisihangaike, maana chumba kisicho na dirisha mwizi haingii. Nikamwambia hewa nayo haitaingia. Akafikiri kidogo, akasema hewa huwa inajua kujitafutia njia.

Kwa binti yangu haijui. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama iliyo juu ya mdomo wake. Ana miaka minne, na ana pumu. Akibanwa, kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka, na anaacha kuongea. Huyu ni mtoto anayeongea akiwa anakula na anayeongea akiwa anapigwa mswaki, kwa hiyo nyumba ikinyamaza ghafla mimi huacha ninachofanya nikakimbia kumtafuta. Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili vyenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama kichochoro, na kwenye kichochoro kulikuwa na majiko manne ya mkaa. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akanisikiliza na mimi, halafu akasema mtoto huyu anahitaji mahali pakavu, pasipo na moshi, penye hewa inayobadilika. Aliyaandika kabisa kwenye karatasi, chini ya jina la dawa. Dawa niliipata siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana tulijenga. Kiwanja kilikuwa cha mama mkwe, alichoachiwa na marehemu mume wake, kirefu na chembamba. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa. Huondoka wiki mbili, wiki tatu, na akirudi anakuta ukuta umepanda, anaupigapiga kwa kiganja, anasema, "Kazi inaonekana." Kwa hiyo nyumba ilisimamiwa na watu watatu: fundi mkuu, mama mkwe, na mimi. Kila mmoja wetu alijua kwamba msimamizi ni yeye.

Fundi mkuu aliitwa Pimamaji. Jina alilipata kwa sababu kile kipimo cha kuangalia kama ukuta umelala sawa hakikukosekana kwapani mwake, ingawa sikuwahi kumwona akikiweka juu ya kitu chochote. Alikuwa anafumba jicho moja, anautazama ukuta, anasema umenyooka. Na kusema haki, ulikuwa umenyooka.

Mama mkwe alikuwa mpishi wa bweni la shule kwa miaka ishirini na minane, na bado alikuwa na sauti ya kulisha watu mia nne. Kila asubuhi alikuja kiwanjani, akageuza ndoo, akaikalia mlangoni, na kuanzia hapo hakuna mfuko wa saruji uliofunguliwa bila yeye kuuona. Mafundi walimwogopa kuliko mvua.

Mimi mchana nilishona sare kwenye karakana, na jioni, siku tatu kwa wiki, nilisoma uchoraji wa majengo katika darasa la watu wazima. Tulikuwa tunakalia madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakiwa karibu na kidevu. Mwalimu wa jioni alikuwa mtu mpole aliyependa mishale. Alichora nyumba ubaoni, akaijaza mishale, akatuambia hewa ya moto hupanda, ukiipa tundu juu itatoka, na ikitoka lazima nyingine iingie chini. "Ni kama watu kwenye foleni," alisema. "Mpya hasogei mpaka wa zamani atoke." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea haraka. Nilikuwa nimeelewa ile karatasi ya daktari.

Nilichora mabomba matano ya plastiki ya inchi sita, yamesimama wima, kila moja likitokeza juu ya zege la paa: moja jikoni, moja bafuni, moja sebuleni, moja kwa mama mkwe, na moja kwa Kidoti. Chumba chetu kilikuwa na madirisha mawili, tukakiacha. Halafu, kwa ajili ya Kidoti peke yake, nikachora bomba la sita. Hilo lilianzia kwenye ukuta wa mbele, likapita juu ya korido, likashuka kwenye kona ya chumba chake hadi karibu na sakafu. Hilo la kuleta, yale ya kutoa. Juu ya kila moja nikaweka kofia ya bati kwa ajili ya mvua, na wavu kwa ajili ya panya. Nikatia mishale kwa kalamu ya bluu.

Pimamaji aliishika karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama Kidoti, hii ni ramani ya nyumba au ya tumbo?"

"Ya hewa."

"Hewa ina ramani?"

"Kwenye nyumba hii inayo."

"Nimejenga nyumba sitini na moja," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniletea hewa kwenye karatasi."

"Na hao wa nyumba sitini na moja wanapumua vizuri?"

"Sijawahi kurudi kuwauliza."

Mama mkwe akanyoosha mkono kutoka kwenye ndoo yake, akapewa karatasi. Aliitazama mishale mmoja mmoja.

"Hebu nielewe," akasema. "Mtoto anaumwa kifua."

"Ndiyo, mama."

"Na kifua kinaumizwa na baridi."

"Daktari anasema..."

"Daktari sijamuuliza. Nakuuliza wewe uliyemzaa. Baridi inaletwa na nini?"

Nilijua jibu linalotakiwa.

"Upepo," akajijibu. "Sasa wewe unataka kumletea mtoto upepo chumbani, kwa bomba, kama maji."

Mafundi wawili wakageukia ukuta ili wacheke kwa heshima.

Jioni tulimpigia simu mume wangu, aliyekuwa ameegesha lori mahali fulani, na kila mmoja akaeleza upande wake. Alisikiliza wote. Alisema, "Wekeni tu mabomba, kama hayafai tutayaziba." Tukaridhika wote wawili. Mimi nilishika nusu ya kwanza ya sentensi, mama mkwe akashika nusu ya pili.

Niseme kwa nini nilikuwa na haraka. Paa letu halikuwa la bati. Tulikuwa na matumaini ya kuongeza ghorofa siku moja, Mungu akijalia na lori likiendelea kuwaka, kwa hiyo juu tulikuwa tunamwaga zege, unene wa kiganja na vidole vyake. Mabomba yalipaswa kusimama katikati ya nondo kabla zege halijamwagwa. Ukilisahau bomba, ndiyo basi. Pimamaji alishaniambia wazi kwamba yeye hatapasua zege lililokwisha kukauka ili akate nondo zake mwenyewe, eti mtu hawezi kusahihisha kazi yake kwa nyundo.

Ijumaa mabomba yalikuwa yamesimama, matano, yamefungwa kwa waya kwenye nondo. Niliomba ruhusa karakana nikaja kuyaona, nikiwa na Kidoti. Nilipanda ngazi nikapima mara mbili kwa futi yangu ya kushonea.

"Fundi, kesho midomo ya mabomba itazibwa? Zege lisije likaingia."

"Nitatia karatasi za mifuko ya saruji. Niachie mimi."

Nikamuuliza tena kabla ya chakula cha mchana. Nilipomsogelea mara ya tatu alijibu kabla sijafungua mdomo.

Chini, Kidoti alikuwa amejipenyeza katikati ya miti iliyoshikilia mbao za zege mpaka chumbani kwake. Alisimama chini kabisa ya bomba, akaangalia juu.

"Mama! Kuna mbingu ya duara!"

"Unaiona?"

"Ndogo. Ya kwangu."

Upepo ukashuka kwenye bomba, ukampeperusha nywele, pamoja na vumbi la mbao lililokuwa limejaa huko juu. Akakohoa. Akakohoa tena. Nilimbeba nikamtoa nje. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akinyamaza mtu mwenye sauti ya watu mia nne, unasikia mpaka misumari.

Jumamosi kulipokucha, filimbi ilikuwa imeanza. Pampu yake ya dawa ilimtuliza kwa muda mfupi tu. Mama mkwe alimshika mgongo kwa kiganja kilichotandazwa, akasikiliza kwa mkono, akasema, "Mpeleke. Zege nitaliangalia mimi."

Tukakaa zahanati tangu saa moja asubuhi. Walimvalisha barakoa ya mvuke wa dawa, mashine ikiunguruma pembeni, naye akanikodolea macho juu ya barakoa kama rubani ambaye hajapewa ruhusa ya kuruka. Nilimwambia amekuwa rubani, nikamshika mkono. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na nikiri, katikati ya hesabu nilikuwa naona matoroli ya zege yakipita kwenye mbao. Saa tatu nilimpigia simu Pimamaji. Nyuma yake mashine ya kuchanganyia ilikuwa inasaga.

"Midomo umeziba?"

"Tunakwenda vizuri!"

"Fundi, midomo ya mabomba!"

"Vizuri kabisa!"

Ilikuwa karibu saa nane mchana Kidoti alipovuliwa barakoa mara ya mwisho na kuuliza kwa nini kiatu cha yule mama pale kina mdomo. Nesi alisema akishaanza kuuliza mnaweza kwenda. Nikambeba mgongoni hadi kiwanjani, akanieleza habari za viatu njia nzima.

Zege lilikuwa limekwisha kumwagwa. Mama mkwe alikuwa kwenye ndoo yake. Alinyoosha mikono, nikamkabidhi mjukuu wake, nikapanda ngazi.

Juu kulikuwa na uwanja wa kijivu uliolowa, mzuri, umelala sawasawa. Katikati ya uwanja huo mabomba yalikuwa yamechomoza vichwa, na kila kichwa kilikuwa kimefungwa kitambaa na mfuko wa nailoni na kamba, kama watu wenye maumivu ya jino. Nikahesabu. Manne. Kwenye chumba cha mama mkwe, mahali pa bomba la tano, palikuwa laini kama meza. Pimamaji alikuwa amechuchumaa hapo hapo, anapalainisha zaidi.

"Fundi, karatasi za saruji ziko wapi?"

Aliangalia miguu yake. "Mashine ilifika saa moja kamili," akasema. "Mashine ikifika, Mama Kidoti, kichwa kinaenda na mashine."

"Hukuziba."

"Nilisahau. Nakwambia ukweli kwa sababu kuna mashahidi." Mafundi wanne waliokuwa wanaosha matoroli wakatikisa vichwa kukubali. "La tano nalo lilikuwa fupi kuliko wenzake. Toroli la kwanza tu, likamezwa. Tukaona kwa nini tuache alama."

"Na haya manne kaziba nani?"

Alitoa kipimo chake kwapani, na ilikuwa mara ya kwanza kukiona kinafanya kazi yoyote, akakielekeza chini, kwenye ndoo.

"Nilidhani umemtuma wewe. Kabla mashine haijafika alipanda ngazi na furushi. Nikamwambia, mama, utaanguka. Akaniambia nishike ngazi, ninyamaze."

Nikashuka. Mama mkwe alikuwa amempakata Kidoti, kiganja mgongoni.

"Mama, uliziba mabomba."

"Niliziba." Hakuinamisha macho hata kidogo. "Nilitia shuka, nikashindilia sweta, juu yake nailoni, nikafunga kamba mara tatu. Hewa ni kitu cha kupenya. Sikutaka kubahatisha."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Huyu mtoto umetoka naye wapi sasa hivi?"

Kidoti akajibu kwa niaba yangu kwamba tumetoka kwa rubani.

"Na la chumbani kwako? Hilo hukuliziba."

"Mimi sina pumu," akasema mama mkwe.

Nilikuwa nimeshuka ile ngazi na hasira iliyokwisha kukatwa na kushonwa, imebaki vifungo tu. Nilipofika chini nikakuta haimwenei mtu. Kama asingepanda asubuhi ile kuizuia hewa yangu, saruji ingeizuia milele. Nikakaa juu ya tofali, nikamweleza hivyo, polepole, kwa sababu sikuona haki kumficha: zege lingeingia kwenye mabomba yote, na ni matambara yake yaliyoyaokoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilifanya vizuri," akasema.

"Ulifanya vizuri sana, mama."

"Basi yabaki hivyo hivyo."

Zege tulilimwagilia maji wiki tatu, asubuhi na jioni, ili likomae bila kupasuka. Miti ya kushikilia ilitolewa, mbao zikabanduliwa, na nyumba ikawa ghafla na nafasi, kama mtu aliyevua koti. Mume wangu akarudi. Akapigapiga kuta zote. Pimamaji alipitisha bomba la sita juu ya korido bila kunitania hata mara moja. Tangu siku ya zege alikuwa amekuwa mpole, na alianza kuuliza mishale inaelekea wapi. Kofia za bati zilifungwa. Kilichobaki ni kuondoa matambara.

Tulikutana sebuleni, ambako hakukuwa na kiti zaidi ya ndoo.

"Jikoni fungueni," akasema mama mkwe. "Bafuni fungueni, harufu itoke. Hapa sebuleni, mtakavyo. La mtoto haliguswi. Mkiligusa, kiwanja ni changu, na mimi sihamii."

"Mama," nikasema, "daktari mwenyewe aliandika. Chumba hakina dirisha. Asipopata hewa inayobadilika..."

"Kabla ya huyu mume wako nilikuwa na wa kike," akasema.

Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama sakafu. Nilikuwa na miaka sita katika ukoo huu na sikuwahi kusikia habari hiyo.

"Kifua hivi hivi. Filimbi hivi hivi. Nilikuwa zamu bwenini, nikamwacha kwa shangazi yake. Shangazi akaona chumba kina joto, akafungua dirisha, mtoto apate hewa." Alikuwa anasugua ukingo wa ndoo kwa kidole gumba, akienda na kurudi. "Nilipofika dirisha lilikuwa wazi. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona."

Nilijua mambo mengi kuhusu hewa, nilikuwa na alama themanini na mbili kwenye mtihani wake, na hakuna hata jambo moja kati ya hayo nililoweza kulitamka mbele ya mwanamke huyu. Kwamba si dirisha? Nilijuaje? Sikuwepo. Mwalimu wa jioni hakuwa amefika hapo.

"Nyote mna hoja," akasema mume wangu, akatoka kwenda kupigapiga ukuta wa nje.

Nililala na jambo hilo siku mbili. Karakana nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Siku ya tatu nilikwenda kwa Pimamaji na mfuniko wa kopo la rangi.

"Nataka uzunguke ndani ya mdomo wa chini wa bomba la kutoa, la Kidoti," nikamwambia. "Waya katikati, kamba mbili. Ukivuta hii unasimama, hewa inapita. Ukivuta hii unalala, umefunga."

Aliuzungusha mfuniko mkononi. "Hii haipo kwenye ramani ya tumbo."

"Naiongeza leo."

Tulitumia mchana mzima. Alikata, akachonga, akafumba jicho moja, akasema umekaa sawa. Kamba tuliziacha zining'inie hadi mtu aliyekaa aweze kuzifikia. Halafu nikamwita mama mkwe.

"Mama, hii ni yako," nikasema. "Wewe ndiye utakayefungua na wewe ndiye utakayefunga. Mimi sitaigusa. Baba Kidoti hataigusa. Ukisema ilale mwaka mzima, italala."

Aliivuta kamba ya kufunga. Akaivuta ya kufungua. Alirudia mara kumi hivi, akiwa ameinua uso.

"Ukifungwa, unafungwa kweli?"

"Mama, unafungwa kama dirisha la ofisi saa ya chakula," akasema Pimamaji.

"Funga, halafu nitolee matambara yangu. Lile sweta lilikuwa bado zima."

Jumapili tukamleta Kidoti alale mchana chumbani kwake, kwa majaribio. Lilikuwa wazo la mama mkwe. Alisema nyumba haiingiwi na mtoto kabla haijaingiwa na usingizi wake. Tulitandika godoro sakafuni. Mama mkwe akaleta ndoo, akaketi kichwani pa mjukuu, kamba mbili mkononi, mfuniko umelala. Sisi wengine tukatolewa nje.

Tulikaa koridoni tukiegemea ukuta, miguu tumeinyoosha: mimi, mume wangu, na Pimamaji, ambaye alisema amekuja kuchukua mwiko wake aliousahau. Mwiko ulikuwa mfukoni. Mlango ulikuwa bado haujafungwa kwenye fremu, ila mama mkwe alikuwa ametundika shuka, kwa hiyo tulikuwa tunasikia kila kitu bila kuona chochote.

Joto la mchana lilikuwa limeshuka kwenye zege. Kidoti aliongea kuhusu paka, akaongea kuhusu kiatu, akanyamaza. Kusikia akinyamaza, nikakunja miguu kwa mazoea, tayari kukimbia. Halafu nikasikia pumzi ya usingizi. Ilikuwa nzuri mwanzoni. Baadaye ikaanza kuwa fupi. Haikuwa filimbi bado, ilikuwa ile pumzi ya juu juu inayoitangulia filimbi, na godoro lilikuwa linalia kwa kugeukageuka kwake.

Pampu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika. Nilikuwa nimeahidi kutogusa kamba. Kuhusu shuka la mlangoni sikuahidi kitu, lakini nilijua kwamba nikiingia sasa, nimeingia kwenye chumba kingine, cha miaka mingi iliyopita, na huko mimi nitakuwa shangazi. Nikajiambia nitahesabu pumzi ishirini, halafu litakalokuwa na liwe.

Mume wangu akaanza kuinuka. Nikamshika shati.

"Mke wangu, mtoto..."

"Kumi na mbili," nikasema.

Pimamaji alikuwa ametoa mwiko na anautazama kwa makini.

Kumi na tatu. Kumi na nne. Ndoo ikakwaruza sakafu. Kumi na tano. Kumi na sita, na huko chumbani, juu kwenye bomba, bati likagonga plastiki mara moja, kwa sauti ndogo kama kijiko kwenye kikombe.

Hatukutazamana. Halafu shuka la mlangoni, lililokuwa limening'inia kama ukuta, likajivuta kidogo kuelekea ndani, likabaki limejivuta. Pimamaji aliliona kabla yangu. Alitoa kidole, akaufuatisha mshale hewani, kutoka miguuni petu, chini ya shuka, hadi juu, akanitazama kama mwanafunzi anayesubiri alama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Niliendelea kuhesabu. Nilipofika themanini pumzi zilikuwa zimerefuka. Nilipofika mia na arobaini nikapoteza hesabu, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuhesabu. Alikuwa mtoto aliyelala.

Ilipita saa nzima.

"Mama Kidoti," ikaja sauti kutoka ndani, kwa kipimo cha mtu mmoja tu.

Nikainua shuka. Kidoti alikuwa amelala chali, mikono juu ya kichwa, na mdomo wake umefungwa. Sikumbuki ni lini nilimwona amelala na mdomo umefungwa. Mama mkwe alikuwa ameshuka kwenye ndoo, amekaa sakafuni, kiganja kimoja kifuani pa mtoto. Kwenye mkono wa pili kamba ya kufungulia ilikuwa imezungushwa kidoleni mara tatu, mpaka ncha ya kidole imebadilika rangi.

"Huu mfuniko wenu una kasoro," akasema bila kunitazama. "Umejifungua wenyewe."

"Tutaurekebisha, mama."

"Sijasema mrekebishe."

Nikachuchumaa karibu naye. Nilitaka kumfungua ile kamba kidoleni, damu ipite, lakini nilikuwa nimeahidi. Akaifungua mwenyewe baada ya kitambo. Alipapasa kifua cha mtoto mara nyingine, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Haibani," akasema.

"Haibani, mama."

Pimamaji alikuwa ameingiza kichwa kando ya shuka. Mama mkwe akamwona.

"Na wewe. Hewa yangu umeimwagia zege."

"Mama, chumba chako kina dirisha. Uani."

"Dirisha silifungui. Linaleta upepo." Alijifuta uso kwa upindo wa nguo yake, akatazama kuta za chumba kile, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua pa kukaa mezani. "Kitanda changu kitakaa humu. Huu mfuniko unahitaji mtu wa kuuangalia."

Hakuuliza mtu, kwa hiyo hakuna aliyejibu. Mume wangu alikuwa tayari anaupigapiga ukuta wa koridoni. Nikatoa futi yangu ya kushonea mfukoni, nikaanza kupima kimyakimya, nikiruka miguu ya Kidoti, kuona kitanda cha futi nne kitaenea ukuta upi bila kuziba bomba la chini.